Mwalimu Mpya na Mwaka Wake wa Kwanza: Malezi ya Kikazi katika Shule za Ruponda

UTANGULIZI

Kazi ya ualimu ina jambo moja la ajabu. Fundi seremala akimpokea kijana wa kumfundisha, humpa kwanza vipande vya mbao vya kujaribia randa, na mlango wa mteja humpa baada ya miezi mingi. Daktari aliyehitimu masomo yake hupitia mwaka mzima hospitalini chini ya macho ya madaktari wakubwa kabla hajaachiwa wagonjwa peke yake. Lakini mwalimu aliyemaliza chuo jana, leo hukabidhiwa darasa zima, na darasa hilo ni sawasawa na lile la mwenzake aliyefundisha miaka ishirini. Aghalabu hupewa lililo gumu zaidi, maana wenyeji wamekwisha kuchagua mapema.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu mpya hapewi hata hizo siku mbili. Jembe hulikuta mlangoni.

Makala haya yanahusu mwaka huo wa kwanza. Yanaeleza kwa nini ni mgumu, historia ya nchi yetu inatufundisha nini juu yake, na msaada gani unaweza kutolewa katika shule ya kijijini isiyo na fedha za ziada wala walimu wa ziada. Tunawaandikia ninyi wanachuo kwa sababu mbili. Karibu mtakuwa walimu wapya, na yafaa mjue mapema mnachopaswa kukiomba. Tena, muda si mrefu baada ya hapo mtakuwa wenyeji, na atakuja mwalimu mpya mwingine akiwa na sanduku lake mkononi, naye atakutazameni ninyi.

Mfano wetu tumeuchukua Ruponda, katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa, Mkoa wa Lindi. Shule za sehemu hiyo zinafanana na nyingi mtakazopangiwa: ziko mbali na mji, wazazi wake ni wakulima, na watoto wake husikia lugha moja nyumbani na nyingine darasani.

KWA NINI MWAKA WA KWANZA NI MGUMU

Mtu aweza kuuliza: je, mwanachuo si amefunzwa? Amesoma saikolojia ya mtoto, ameandika maandalio ya masomo, na amekwenda katika mazoezi ya kufundisha. Amebakiza nini?

Amebakiza mambo mengi. Katika mazoezi ya kufundisha darasa si lake. Mwenye darasa yupo, na watoto wanajua hivyo. Utaratibu wa kuingia, kukaa na kuomba ruhusa umekwisha wekwa na mwingine. Baada ya wiki chache mwanachuo huondoka, na kosa alilofanya husahihishwa na aliyebaki. Katika kazi hakuna wa kusahihisha. Ukikosea mwezi wa Januari, kosa lako utalikuta mwezi wa Juni likikusubiri katika madaftari ya watoto.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Dan Lortie, katika kitabu chake cha 1975 juu ya kazi ya ualimu, alionyesha jambo ambalo kila mmoja wetu analijua moyoni. Mwalimu ni mtu aliyeitazama kazi yake tangu utotoni, maelfu ya saa, akiwa amekaa dawatini. Kwa hiyo anadhani anaijua. Lakini aliyoyaona ni yale tu yanayoonekana kutoka dawatini: mwalimu akisema, akiandika, akiadhibu. Hakuona maandalio ya usiku. Hakuona jinsi mwalimu alivyochagua swali hili akaliacha lile. Basi siku mwalimu mpya anapolemewa, mafunzo ya chuo humtoka, naye hufanya kama alivyofanyiwa alipokuwa mtoto.

Mwingine, Simon Veenman wa Uholanzi, mwaka 1984 alikusanya matokeo ya tafiti 83 kutoka nchi mbalimbali juu ya matatizo ya walimu wapya. Tatizo lililoongoza lilikuwa nidhamu ya darasa. Yaliyofuata yalikuwa kuwatia wanafunzi hamu ya kujifunza, kushughulikia tofauti za watoto, kupima kazi zao, na uhusiano na wazazi. Ni vema kulitambua hili, kwa kuwa mwalimu mpya akishindwa kulituliza darasa hudhani kwamba ni yeye peke yake duniani, na kwa kuona haya hulificha.

Sisi tunaoandika tulianza kazi katika shule moja ya kijijini ambayo hatutaitaja. Tulipewa Darasa la Kwanza, boksi la chaki na daftari la mahudhurio. Hakuna aliyeingia darasani mwetu mpaka muhula ulipokwisha. Wiki ya tatu tulikuwa na fimbo mkononi, ingawa chuoni tulikwisha andika insha nzuri ya kuipinga. Hatukuishika kwa ukatili. Tuliishika kwa hofu. Mwisho wa mwaka walikuwako watoto darasani humo waliokuwa wametulia sana na wasioweza kusoma neno moja. Utulivu wao ndio tuliosifiwa. Watoto wale hatujawasahau.

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili. Mwaka wa kwanza wa mwalimu ni mwaka pekee wa Darasa la Kwanza kwa watoto walio mbele yake. Mwalimu atapata mwaka wa pili wa kujirekebisha, lakini mtoto hapati Darasa la Kwanza la pili.

HISTORIA INATUAMBIA NINI

Watu wa Nachingwea wanao mfano mkubwa wa kazi iliyoanzishwa bila kuuliza mwenyeji. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu zake. Matrekta yaliletwa, misitu ikafyekwa, reli ikajengwa na bandari ya Mtwara ikachimbwa. Lakini udongo na mvua havikuwa vimepimwa vya kutosha, wala mashamba madogo ya majaribio hayakupewa muda wa kutoa jibu. Mwaka 1951 mpango ulikuwa umeachwa, nayo reli iking'olewa katika miaka ya 1960. Vyombo vilikuwapo na watu walikuwapo, ila haja ya kujifunza mahali penyewe ndiyo iliyodharauliwa.

Mfano wa pili ni wetu wenyewe, nao unatuhusu zaidi. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaamua kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote ifikiwe mwishoni mwa mwaka 1977, badala ya 1989 kama ilivyokuwa imepangwa. Watoto wangekuja kwa wingi, na walimu hawakuwako. Vyuo visingeweza kuwatoa kwa muda ule. Kwa hiyo vijana waliomaliza Darasa la Saba walichukuliwa, wakapewa mafunzo ya miaka mitatu hukohuko vijijini. Walikuwa wakifundisha huku wakijifunza kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya redio, na kwa msaada wa wakufunzi na walimu wenye ujuzi waliokuwa karibu nao. Kwa njia hiyo walipatikana walimu zaidi ya 35,000.

Mpango huo ulichekwa sana. Herufi za UPE, zilizokuwa na maana ya elimu ya msingi kwa wote, watu wa mitaani walizigeuza wakasema ni "Ualimu Pasipo Elimu". Ni kweli kwamba wengi wa vijana wale walikuwa na ujuzi mdogo wa masomo yenyewe, na mzigo wao wa vipindi ulikuwa mkubwa kiasi cha kuwanyima muda wa kusoma. Lakini mwenye kutafakari ataona kwamba mpango ule ulielewa jambo moja ambalo baadaye tulilisahau: kwamba mtu hujifunza kufundisha akiwa anafundisha, na kwamba katika muda huo lazima awe na mtu wa kumtembelea, kumsikiliza na kumwongoza. Mpango wa MTUU wa miaka ile, yaani mpango wa Tanzania pamoja na mashirika ya UNICEF na UNESCO, ulikuwa na wakufunzi wa kuzunguka shule hadi shule kwa kazi hiyohiyo.

Katika miaka ya karibuni wazo hilo limerudi kwa majina mapya. Kati ya 2014 na 2020 Lindi ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyokuwa katika mpango wa EQUIP-Tanzania, uliowakutanisha walimu shuleni mwao kujifunza namna ya kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu. Baadaye yakaja Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaitwayo MEWAKA, ambayo huwataka walimu wa shule moja wakutane katika jumuiya za ujifunzaji na kuzungumzia masomo yao. Mwanachuo anayekwenda kazini sharti aulize mara moja: jumuiya hiyo hapa hukutana siku gani?

Nchi nyingine nazo zimelifikiria jambo hili. Ujapani, tangu 1989, humpa kila mwalimu mpya wa shule ya umma mwaka mzima wa mafunzo akiwa kazini, akiwa na mwalimu wa kumwongoza. Scotland, tangu 2002, humhakikishia mhitimu mwaka mmoja wa kuanzia wenye vipindi pungufu kuliko vya mwalimu wa kawaida. Hatusemi kwamba twaweza kufanya vivyo hivyo. Twasema kwamba nchi zenye walimu wengi na vitabu tele zimeona kuwa cheti peke yake hakitoshi.

Hata katika vyuo vikuu hali ni hiyo. Kijana aliyefaulu vizuri Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akabakizwa kuwa mkufunzi msaidizi, huanza kwa kuongoza makundi madogo ya semina chini ya mhadhiri mwenye somo. Baadaye huongeza shahada, akapanda ngazi, akapewa mhadhara mkubwa. Ngazi hiyo haitoshelezi kila mara, na wapo wahadhiri vijana wanaolalamika kwamba walifunzwa kutafiti wala hawakufunzwa kufundisha. Lakini ngazi ipo. La kushangaza ni kwamba anayefundisha watu wazima amewekewa ngazi, ilhali anayefundisha mtoto wa miaka saba kushika kalamu hana hata kidato kimoja cha kukanyaga.

MAZINGIRA YA RUPONDA

Mwalimu mpya hupangiwa mahali penye watu, mvua, lugha na desturi. Asiyevijua hivyo atadhani watoto ni wazembe, kumbe ni yeye asiyeijua kalenda ya mahali.

Kusini mwa Tanzania mwaka una mwendo wake. Mvua huanza kati ya Novemba na Desemba, ikaendelea hadi Aprili. Januari na Februari, shule zinapofunguliwa, ndiyo miezi ya palizi. Kati ya Mei na Julai ufuta huvunwa. Mikorosho hupuliziwa salfa inapoanza kuchanua, na korosho huokotwa kuanzia Septemba au Oktoba mpaka mwisho wa mwaka. Katika kila kimoja cha vipindi hivyo mikono ya watoto hutakiwa nyumbani. Jando na unyago navyo vina msimu wake, na mtoto aliyetoka humo hurudi shuleni akiwa na heshima mpya mbele ya jamaa zake, ambayo mwalimu mgeni asiyeielewa aweza kuiona kuwa ni kiburi.

Watoto wengi wa sehemu hizo ni wa jamii ya Wamwera, na wapo Wamakua, Wayao na Wamakonde. Kiswahili wanakisikia, tena sana, lakini si lazima kiwe ndicho cha kwanza masikioni mwao. Mwalimu aliyetoka Kagera au Mara akisema haraka katika wiki ya kwanza ya Darasa la Kwanza, watoto watanyamaza. Akidhani kunyamaza ni ujinga, amekwisha kuwapoteza.

Mambo haya hayafundishwi chuoni kwa sababu hayawezi kufundishwa chuoni. Yanajulikana na mwalimu aliyekaa hapo, na mzazi, na mzee wa kijiji. Kwa hiyo msaada wa kwanza wa mwalimu mpya ni kupewa watu wa kumwambia.

MALEZI YAFANYWE VIPI

Sasa tueleze hatua zenyewe. Tumechagua zile zinazowezekana katika shule yenye walimu wachache.

(a) Mapokezi

Mwalimu mpya apokelewe kabla hajafika. Mwalimu mkuu apatapo taarifa, ajue mgeni wake atalala wapi usiku wa kwanza, atapata wapi maji, na nani atamwonyesha duka na zahanati. Posho ya kujikimu aweza kuipata mkononi au aweza kuisubiri, na tumbo halisubiri. Mwalimu aliyelala njaa wiki ya kwanza hawezi kufikiria zana za kufundishia. Kisha aonyeshwe taratibu za utumishi: kusajiliwa na Tume ya Utumishi wa Walimu, kipindi cha majaribio, na namna ya kuthibitishwa kazini. Apelekwe kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa kamati ya shule, atajwe kwa jina lake. Kijiji kikimjua mwalimu, mzazi atakuja kuzungumza naye. Kisipomjua, mzazi atakuja siku ya ugomvi tu.

(b) Mwalimu mlezi

Kila mwalimu mpya awe na mwalimu mlezi mmoja, ambaye jina lake linajulikana na wote. Tukisema "walimu wote watamsaidia", maana yake ni kwamba hakuna atakayemsaidia. Si lazima mlezi awe mwenye cheo. Afaa kuwa mtu anayefundisha darasa la karibu na lile la mgeni, anayependa watoto, na asiyepeleka maneno.

Hapa tunapenda kusisitiza jambo moja. Mlezi asiwe ndiye mtathmini. Mwalimu mkuu na mthibiti ubora wa shule wana kazi yao ya kupima na kuandika taarifa, na kazi hiyo ni ya lazima. Lakini mwalimu mpya hawezi kumwambia anayemwandikia taarifa, "Jana darasa lilinishinda nikatoka nje nikalia." Maneno hayo yanahitaji sikio lisilo na kalamu. Mlezi akianza kupeleka habari ofisini, malezi yamekwisha siku hiyohiyo.

(c) Mzigo ulingane na mbebaji

Tunajua kwamba serikali imeweka kipimo cha wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na tunajua pia kwamba madarasa mengi yanazidi hapo. Hatuwezi kuahidi darasa dogo. Lakini mwalimu mkuu aweza kufanya mambo matatu yasiyogharimu kitu. Asimpe mwalimu mpya darasa lililo kubwa kuliko yote. Asimpe masomo sita ya madarasa sita, bali yanayokaribiana, ili andalio moja limfae zaidi ya mara moja. Tena asimwongezee mara moja michezo, shamba la shule na zamu ya wiki, ati kwa sababu ni kijana na hana familia. Ujana si akiba ya kuchotwa na kila mtu.

(d) Kutazamana darasani

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Mwalimu mpya aingie katika darasa la mlezi mara moja kwa wiki, na mlezi aingie katika darasa lake mara moja kwa wiki, hata kama ni kipindi kimoja cha dakika 30. Aanze mgeni kumtazama mwenyeji. Hapo ataona kwamba hata mwenye ujuzi hukatizwa, husahau, hukosea ubaoni akafuta.

Kabla ya kuingia wakubaliane nini kitatazamwa. "Njoo unitazame" haitoshi. Iwe ni jambo moja: nani anajibu maswali, au watoto wanakaa muda gani bila kazi, au maelekezo yanaeleweka. Baada ya somo mlezi aseme alichokiona kabla ya kusema anachokifikiri.

MFANO WA MAZUNGUMZO BAADA YA SOMO

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu mpya anafundisha kusoma silabi katika Darasa la Kwanza. Ameandika ubaoni ba, be, bi, bo, bu, akaonyesha kwa fimbo ya ubaoni, na darasa zima likaitikia kwa sauti moja, mara nyingi, kwa furaha. Mwalimu mlezi, mama mtu mzima, alikaa nyuma. Watoto walipotoka mapumziko, mazungumzo yao yalikuwa hivi:

– Shikamoo, Mwalimu.

– Marahaba, mwanangu. Pole na kazi. Wewe mwenyewe umeonaje somo?

– Nimeona limekwenda vizuri. Wote wameitikia.

– Kweli, wameitikia, na sauti zao nimezipenda. Uliniomba nitazame nani anajibu. Umeuliza mtoto mmojammoja mara tisa. Saba kati ya hizo ulimwuliza mtoto wa mstari wa mbele.

– Saba? Sikujua.

– Mimi nami sikujua juu yangu mpaka mwenzangu aliponihesabia. Sasa niliyekaa naye kule nyuma, yule binti mdogo, nilimwandikia bo peke yake kwenye karatasi. Akaniambia ba. Nikamwandikia bu, akaniambia ba tena.

– Lakini aliitikia vizuri na wenzake!

– Aliimba, mwanangu. Ameushika wimbo, herufi hajaziona bado. Wimbo huanzia ba, ndiyo maana kila nilichomwonyesha kilikuwa ba. Kesho ungefanyaje ili ujue nani anasoma na nani anaimba?

– Labda niziandike bila mpangilio. Bo kwanza, halafu be.

– Vema. Nami nitakupa kadi zangu. Wape wawiliwawili, mmoja aonyeshe, mwingine asome, nawe uzunguke huku nyuma. Jumatano nitakuja tena.

Tazameni jinsi mama huyu alivyofanya. Hakusema, "Umefundisha vibaya." Alileta hesabu: mara tisa, mara saba. Hesabu haigombani na mtu. Alikiri kosa lake la zamani, na kwa hiyo kosa la kijana likawa kosa la kazi, si aibu ya mtu. Aliuliza swali lililomfanya kijana alete dawa mwenyewe, akaongeza msaada wa mkononi, yaani kadi, na akataja siku ya kurudi. Tena alimwokoa mtoto mmoja. Bila mazungumzo hayo ya dakika chache, binti yule angeimba mpaka Desemba, akavuka kwenda Darasa la Pili akiwa na sauti nzuri na macho yasiyosoma.

JUU YA FIMBO

Tumekwisha sema kwamba mwalimu mpya anayelemewa hukimbilia fimbo. Ni lazima kila mwanachuo ajue sheria. Kanuni za adhabu ya viboko za 2002 zinatoa mamlaka hayo kwa mwalimu mkuu, au kwa mwalimu aliyepewa idhini naye kwa maandishi, zinaweka mpaka wa viboko vinne, na zinataka adhabu iandikwe kitabuni. Mwalimu anayechapa ovyo darasani anavunja kanuni. Lakini kumwambia kijana "usichape" bila kumwonyesha cha kufanya ni sawa na kumnyang'anya mtu gongo akiwa katikati ya mto. Mlezi amwonyeshe njia: kazi iwe tayari kabla watoto hawajaketi, watoto wapewe zamu za kugawa madaftari, na mwalimu asimame karibu na mwenye fujo badala ya kumpigia kelele kutoka ubaoni. Darasa lenye kazi hujituliza lenyewe.

PINGAMIZI NA MAJIBU YAKE

Wako watakaosema: shule yetu ina walimu watatu, mlezi atapata wapi nafasi ya kutazama? Jibu ni kwamba madarasa mawili yaweza kuunganishwa kwa kipindi kimoja, chini ya mti, kwa hadithi au michezo, mmoja akaongoza na mwingine akatazama. Shule jirani nazo zaweza kushirikiana, na Afisa Elimu Kata aweza kupanga siku moja kwa mwezi walimu wapya wa kata wakutane. Kijana aliye peke yake akisikia kwamba mwenzake wa shule ya pili ana shida ileile, nusu ya mzigo hushuka.

Wengine watasema: je, kama mwenyeji mwenyewe hafundishi vizuri? Hilo lipo, wala tusilifiche. Mlezi mbaya aweza kumfundisha kijana kuchelewa, kunakili maandalio ya mwaka jana na kudharau wazazi. Kwa sababu hiyo mwalimu mkuu achague mlezi kwa kutazama kazi yake, si miaka yake. Tena malezi yawe ya pande mbili. Mwalimu mpya ametoka chuoni na muhtasari mpya na njia mpya, na mwenyeji mwenye busara atamwuliza naye.

WAJIBU WA MWALIMU MPYA MWENYEWE

Hatukusudii kumfanya mwalimu mpya awe mtoto wa kubebwa. Yeye naye ana wajibu wake. Aombe msaada mapema, katika wiki ya pili, asisubiri mwezi wa sita. Awe na daftari dogo ambamo kila jioni ataandika mistari mitatu: nini kilikwenda vizuri leo, nini kilishindikana, na mtoto gani sikumsikia. Ajifunze salamu za Kimwera na majina ya vitu vya nyumbani, hata akichekwa. Mtoto anayemcheka mwalimu wake kwa upendo amekwisha acha kumwogopa. Atumie vitu vya mahali: korosho ni zana nzuri ya kuhesabia, na mbegu za kunde nazo hufaa. Aende msibani na shambani, ili kijiji kimwone mtu kabla ya kumwona mtumishi.

HITIMISHO

Cheti cha chuo kinashuhudia kwamba mtu yuko tayari kuanza kujifunza kufundisha. Anayemaliza kumfundisha ni shule anayokwenda. Shule ikimpokea kwa malezi, italipata jembe zuri litakalolima miaka thelathini. Ikimtupia darasa na kumgeuzia kisogo, atahama, au atabaki huku moyo umehama. Katika hali zote mbili anayelipa deni ni mtoto wa dawati la nyuma, ambaye hakushauriwa.

Ndugu mwanachuo, ukifika Ruponda, au kwingine kokote, mwombe mwalimu mkuu wako akupe mlezi. Akikosa wa kukupa, mtafute mwenyewe. Na siku utakapomwona mgeni mwingine akishuka garini na sanduku lake, usimwulize amepangiwa darasa gani. Mwulize amekula.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika mazoezi yako ya kufundisha, ni mambo gani ya mwenye darasa uliyoyatumia bila kujua kwamba aliyaweka yeye?

2. Eleza kwa nini mlezi wa mwalimu mpya asiwe ndiye anayemwandikia taarifa. Je, katika shule yenye walimu watatu jambo hili litawezekanaje?

3. Chora kalenda ya kilimo ya kijiji unachokijua, kisha onyesha ni wiki zipi mwalimu wa Darasa la Kwanza asianze jambo jipya la kusoma.

4. Andaa kipindi cha dakika 30 cha kusoma silabi ambamo mwalimu ataweza kumtambua mtoto anayeimba na yule anayesoma.